Programu huria: Toleo la zamani lihudumiwe hadi lini?

KUNA swali ambalo limewasumbua watengenezaji wa programu huria za kompyuta kwa miaka mingi: mtu anayefanya kazi kwa kujitolea, bila mshahara, anawajibika kuitunza kazi yake ya zamani kwa muda gani?

Swali hilo huonekana kuwa la wataalamu peke yao, lakini jibu lake humgusa kila anayetumia intaneti. Sehemu kubwa ya seva zinazobeba tovuti, barua pepe na huduma za kifedha duniani huendeshwa na mfumo wa Linux pamoja na programu nyingine za aina hiyo.

Programu huria ni ile ambayo maelekezo yake ya ndani yako wazi kwa mtu yeyote kuyasoma, kuyabadili na kuyasambaza. Kila baada ya muda mradi hutoa toleo jipya, na hapo ndipo mvutano huanza. Watengenezaji hutaka kusonga mbele, ilhali watumiaji wengi hutaka kubaki na toleo walilolizoea, ambalo kazi zao zimejengwa juu yake.

Kwa mtazamo wa haraka, kuhudumia toleo la zamani ni kazi ndogo: kasoro ikigunduliwa, irekebishwe kote. Ukweli ni kwamba rekebisho huandikwa kwanza kwa ajili ya toleo jipya, na mara nyingi sehemu yenye kasoro ilikwisha kubadilishwa sana tangu toleo la zamani litoke.

Hivyo hulazimu mtu asome upya maelekezo ya miaka mitano iliyopita, aandike rekebisho linaloendana nayo, kisha alijaribu kwenye mfumo wa wakati ule. Mradi unaohudumia matoleo manne huweza kujikuta unarekebisha kasoro moja mara nne. Kwa anayejitolea, saa hizo hutoka katika usiku wake na mapumziko ya mwisho wa juma.

Hatari huongezeka kwa sababu kila kitu kiko hadharani. Rekebisho la usalama linapochapishwa, wadukuzi nao hulisoma, na kwa kulisoma hutambua kasoro ilikuwa wapi. Toleo la zamani lisilopata rekebisho hilo hubaki kama nyumba ambayo mwizi ameonyeshwa dirisha bovu.

Mfano mzuri wa namna ya kulitatua suala hili ni mradi wa Debian, ulioanzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock na ambao hadi leo huendeshwa na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi. Kwa muda mrefu utaratibu wake ulikuwa kwamba toleo jipya likitoka, lililotangulia huendelea kupata marekebisho ya usalama kwa takriban mwaka mmoja. Kwa jumla kila toleo lilipata kama miaka mitatu.

Kwa mwenye kompyuta moja nyumbani muda huo ulitosha. Kwa taasisi yenye mamia ya seva ulikuwa mfupi, kwani kuhamisha mifumo yote huweza kuchukua mwaka mzima.

Mwaka 2014 Debian ilianza utaratibu mpya kwa toleo lililoitwa Squeeze, lililotoka Februari 2011. Muda wake wa huduma uliongezwa hadi Februari 2016, yaani miaka mitano. Jambo la kuzingatia ni kwamba mzigo huo haukuwekwa juu ya kikosi cha kawaida cha usalama. Uliundwa ushirikiano wa pembeni, ambamo kampuni zinazohitaji muda mrefu huchanga fedha kupitia kampuni ya Freexian, na fedha hizo huwalipa wanaofanya kazi hiyo.

Mradi wa lugha ya Python ulipitia njia ngumu zaidi. Python 3 ilitoka Desemba 2008, lakini programu zilizoandikwa kwa Python 2 nyingi hazikuweza kuendeshwa nayo bila kurekebishwa. Toleo la 2.7, lililotoka mwaka 2010, lilipangwa kuhudumiwa hadi mwaka 2015.

Ilipofika mwaka 2014 ilidhihirika kwamba watumiaji wengi hawakuwa tayari, na muda ukaongezwa hadi 2020. Januari 1, 2020 huduma ilikoma, na toleo la kufungia ukurasa huo likatolewa Aprili mwaka huo. Waliohitaji muda zaidi waliupata kwa malipo: kampuni ya Red Hat, kwa mfano, iliendelea kuihudumia Python 2 ndani ya mfumo wake wa toleo la 7 hadi mwaka 2024.

Nyongeza ile ya miaka mitano ina wanaoitetea na wanaoilaumu. Wapo wanaoiona kuwa huruma iliyohitajika. Wengine husema iliwapa wazembe sababu ya kuahirisha, huku wanaojitolea wakibeba matoleo mawili yasiyopatana.

Hata watunzaji wa kiini cha Linux wamewahi kulirudia swali hili. Mwaka 2017 muda wa kuhudumia baadhi ya matoleo yake uliongezwa kutoka miaka miwili hadi sita, hasa kwa ajili ya simu za mkononi. Septemba 2023, katika mkutano uliofanyika Bilbao, Hispania, ilitangazwa kwamba muda huo ungerudishwa kuwa miaka miwili. Sababu zilizotajwa ni kwamba matoleo ya zamani sana yalikuwa na watumiaji wachache, na watunzaji walikuwa wameelemewa.

Hata hivyo, si haki kumwona kila anayebaki na toleo la zamani kuwa mzembe. Kasoro maarufu ya Heartbleed katika programu ya OpenSSL, iliyotangazwa Aprili 2014, iliingia kupitia toleo la 1.0.1 la mwaka 2012. Waliokuwa bado wanatumia matoleo ya 0.9.8 na 1.0.0 hawakuguswa nayo.

Kwa wengine tatizo ni mashine yenyewe. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haikuja na kiini wala programu ya kusimika mfumo kwa kompyuta za zamani za biti 32 zenye prosesa za jamii ya Intel. Katika miji ya Afrika Mashariki, ambako kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo ni bidhaa ya kawaida, uamuzi wa namna hiyo huweza kumaanisha kwamba mashine ambayo bado inafanya kazi imekosa mfumo mpya wa kuipokea.

Kutokana na mifano hii, hakuna idadi moja ya miaka inayoufaa kila mradi. Muda unaofaa ni ule ambao waliopo wanaweza kuubeba, na tarehe ya mwisho inapaswa kutangazwa mapema, siku toleo linapotoka. Kutangaza miaka kumi bila watu wa kuifanyia kazi ni hatari zaidi kuliko kutangaza mitatu, kwani mtumiaji hujiona salama wakati hakuna anayemlinda.

Upande wa pili, ofisi, shule au mkahawa wa intaneti unaotumia programu hizi hauna budi kuijua tarehe hiyo na kupanga bajeti ya kuhama kabla haijafika. Anayehitaji muda zaidi anaweza kuchangia fedha au wataalamu, kama wanavyofanya wafadhili wa Debian.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Katika programu huria, deni hilo hulipwa na watu ambao hawakuajiriwa na yeyote. Ni vyema basi wakaahidi kiasi wanachoweza kulipa, na wanaofaidika na kazi yao wakatambua kwamba programu kupatikana bure hakufanyi matunzo yake yawe ya bure.