Takriri Konsonanti katika Majina ya Stesheni za TAZARA: Kutoka Mang'ula hadi Tunduma

Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Msafiri aendaye Tunduma hupita Mang'ula, Mlimba, Makambako na Mbeya. Kwa macho, hiyo ni takriri konsonanti kamili: majina manne, herufi moja ya mwanzo. Makala haya yanadai kuwa macho hudanganya.

Takriri konsonanti ni urudiaji wa sauti, si wa herufi. Katika Mang'ula na Makambako, /m/ huunda silabi pamoja na irabu inayoifuata. Katika Mlimba, /m/ ni silabi inayojitegemea: m-li-mba. Katika Mbeya imeungana na /b/, na jina zima lina silabi mbili tu: mbe-ya. Sikio, basi, hupokea mianzo mitatu. Mpika, ng'ambo ya mpaka, huzidisha utata. Mswahili hulitamka m-pi-ka, kana kwamba ni mtu apikaye, ilhali katika Kibemba /mp/ huungana kama /mb/ ya Mbeya.

Hata sauti zinapolingana, ufundi haujathibitika. Asemaye "mtu mmoja mzima" hurudia /m/ mara tatu kwa kulazimishwa na upatanisho wa kisarufi, wala hakuna atakayemwita malenga. Majina mengi ya Kibantu nayo huanza na viambishi ngeli.

Anayehesabu herufi za mwanzo pekee ataziacha stesheni za Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016, na hapo ndipo atakapokosa data iliyo bora zaidi. Vwawa, makao makuu ya mkoa, hurudia /w/ katika silabi zake zote mbili. Tunduma na Nakonde, miji inayotazamana mpakani na kutajwa pamoja kila siku, hushirikiana /nd/. Tena kiunganishi "na" hugongana na silabi ya kwanza ya Nakonde, jambo ambalo maandishi hayalioneshi ila kwa anayesoma kwa sauti.

Mwisho wa reli upo mfano ulio thabiti kuliko yote. Katika Kapiri, ka- ni kiambishi cha udogo. Kikiondolewa, mzizi huanza na /p/, sauti ileile inayosikika katika silabi ya kwanza ya Mposhi.