Je, Wajua? Pikipiki ya Nairobi Hubadilika Ikifika Likoni

Je, wajua kwamba pikipiki ya motokrosi iliyonunuliwa Nairobi inaweza kuharibika injini Likoni, Mombasa, hata ikiwa katika hali nzuri kabisa?

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Mafundi wa Nairobi hufunga jeti ndogo (kitundu kinachopitisha petroli) kwenye kabureta ili petroli ilingane na hewa hiyo. Ikiteremshwa Pwani, injini ileile huvuta hewa nzito, ila petroli haiongezeki kwa kadiri hiyo. Joto hupanda. Kwa injini ya mipigo miwili, ambayo hulainishwa na oili iliyochanganywa na petroli, pistoni inaweza kukwama au hata kutoboka.

Pikipiki ikianza kusumbua, mshindani wa ridhaa mara nyingi hudhani ni mikono yake ndiyo haijazoea. Ukweli umo kwenye plagi: ikichomolewa baada ya mwendo wa kasi, kauri ya kahawia hafifu ni salama, nyeusi yenye masizi ni dalili kuwa petroli imezidi, nyeupe pe ni hatari.

 

Pikipiki zinazopuliza petroli kielektroniki kwa kutumia sensa za hewa hujirekebisha zenyewe. Ya kabureta haiwezi. Ukiinunua bara, mpitie fundi wako wa Changamwe au Kisauni akubadilishie jeti kabla hujaifungulia kasi.