Mahakama ya Arusha na Mwananchi wa Maguu

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua Juni 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba kumlazimisha mgombea apitie chama cha siasa kunakiuka Mkataba wa Afrika, yaani makubaliano ya haki ambayo Tanzania yenyewe iliyaridhia. Lakini mahakama hiyo haina polisi wala dalali wa kukazia hukumu, na karatasi ya kura inayofika Maguu, wilayani Mbinga, bado haina mgombea binafsi. Novemba 2019 Serikali iliondoa tamko lililomruhusu mwananchi kufungua shauri katika mahakama hiyo moja kwa moja. Uwajibikaji unaotegemea ridhaa ya mshtakiwa ni nusu uwajibikaji. Mkulima wa kahawa wa Maguu aliyemaliza rufaa zote nchini amebakiwa na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Banjul, Gambia.