Pipa huipa divai ladha, haliigeuzi kuwa dawa

Je, umewahi kunywa divai nyekundu ukasikia harufu ya vanila, karafuu au moshi, ukajiuliza ni nani aliyetia viungo hivyo ndani ya zabibu? Hakuna aliyetia kiungo chochote. Harufu hizo hutoka kwenye mti, yaani mwaloni, ambao hutumiwa kutengenezea mapipa ya kuhifadhia divai.

Siku hizi divai imeingia katika nyumba nyingi za mijini. Huandaliwa katika harusi na karamu za ofisi, na chupa zake zimejaa katika maduka makubwa. Pamoja nayo yameingia maneno mengi. Wapo wanaoamini kwamba divai iliyokaa kwenye pipa ni safi zaidi, kwamba ukali wake umekwisha, na kwamba ni dawa ya moyo. Ni vyema tutenganishe mambo mawili hapa: ladha na afya.

Chombo na kinywaji

Kwamba chombo hukipa kinywaji ladha si jambo geni kwetu. Wakalenjin husugua ndani ya kibuyu kwa mkaa wa mti wa senetwet kabla ya kutia maziwa ya mursik. Huko Pwani, mtungi wa maji hufukizwa ubani ili maji yanukie. Mafundi wa divai wa Ufaransa na Uhispania nao huutegemea mwaloni, mti mgumu wa nchi za baridi ambao wengi wetu tunalijua jina lake kutoka kwenye Biblia.

Katika eneo la Bordeaux, kusini magharibi mwa Ufaransa, pipa la kawaida huchukua lita 225, yaani divai ya kujaza chupa 300. Mbao za pipa hupasuliwa na kurundikwa nje, zikapigwa na mvua na jua kwa muda wa miaka 2 au 3 hivi, ili uchungu wa mti upungue. Kisha fundi huziunganisha, huzikunja juu ya moto na kuuchoma upande wa ndani.

Moto huo ndio huzaa sehemu kubwa ya harufu unayoisikia katika glasi. Kemikali iitwayo lignini, ambayo huupa mti ugumu wake, huvunjika kwa joto na kutoa vanilini. Hii ndiyo kemikali inayoyapa maganda ya vanila harufu yake. Mwaloni pia una eujenoli, ambayo ndiyo harufu kuu ya karafuu za Pemba na Unguja. Zipo vilevile laktoni zinazonukia kama nazi, na kemikali nyingine zinazonukia kama moshi au sukari iliyoungua. Pipa likichomwa sana, harufu ya moshi na kahawa huzidi.

Aina ya mwaloni pia ina maana. Mwaloni wa Marekani huwa na laktoni nyingi zaidi, kwa hiyo harufu ya nazi na vanila husikika waziwazi. Ule wa Ufaransa hutoa harufu ya viungo iliyo tulivu zaidi, lakini huongeza tanini nyingi. Katika eneo la Rioja, Uhispania, mafundi wametumia mwaloni wa Marekani kwa vizazi vingi. Huko, divai nyekundu haiwezi kuitwa Crianza mpaka ikae kwenye pipa mwaka 1 au zaidi. Ile ya Gran Reserva hukaa miaka 2 au zaidi kwenye pipa, na kwa jumla hutimiza miaka 5 kabla ya kuuzwa.

Ukakasi hupungua vipi?

Bila shaka unaujua ukakasi wa ndizi mbichi, au wa chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi. Ulimi hukauka na mashavu yakajikunja. Kinachosababisha hali hiyo ni tanini, ambazo hushikana na protini za mate na kuyaondolea utelezi. Divai nyekundu huchachushwa pamoja na maganda na mbegu za zabibu, na humo ndimo tanini zake nyingi hutoka. Ndiyo maana divai changa huweza kuukausha mdomo.

Mbao za pipa hupitisha hewa kidogo sana. Oksijeni hiyo, ikiingia polepole kwa miezi kadhaa, husaidia tanini kuungana zenyewe kwa zenyewe na pia kuungana na rangi ya zabibu. Ukakasi hulainika na rangi hudumu zaidi. Hewa ikizidi, divai huharibika na huweza kugeuka siki. Kwa sababu hiyo mafundi hulijaza pipa mara kwa mara kila divai inapopungua kwa mvuke.

Pipa jipya ndilo hutoa ladha kali zaidi. Baada ya kutumiwa mara 3 au 4, huwa limebaki chombo tu. Na kwa kuwa pipa jipya la Kifaransa hugharimu mamia ya yuro, na mengine hupita 1,000, usitarajie chupa ya bei nafuu iwe imelala humo miaka miwili. Watengenezaji wengi hutumbukiza vipande vya mwaloni katika tangi la chuma. Umoja wa Ulaya uliruhusu njia hiyo mwaka 2006. Afrika Kusini, baadhi ya divai za Pinotage hunukia kahawa kwa sababu ya mbao zilizochomwa sana. Hayo yote hayana madhara ya pekee kwa mnywaji. Ni suala la ladha na mfuko wako.

Kileo hakipungui

Sasa tuje kwenye afya. Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba pipa hulainisha ladha, halipunguzi kileo. Maji na kileo vyote hupotea kwa mvuke, na katika ghala kavu maji huweza kupotea zaidi, hata kiwango cha kileo kikapanda kidogo. Divai nyingi nyekundu huwa na kileo cha asilimia 12 hadi 15.

Hebu tupige hesabu. Glasi moja ya mililita 150 yenye kileo cha asilimia 14 ina mililita 21 za kileo halisi. Chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 4.2 nayo ina mililita 21. Kwa maneno mengine, glasi moja ya divai ni sawa na chupa moja ya bia, na chupa nzima ya divai ni sawa na bia 5. Mtu ambaye hawezi kufikiria kunywa bia 5 kisha aendeshe gari, huweza kuimaliza chupa ya divai laini wakati wa chakula cha jioni bila kushtuka. Divai yenye ukakasi humlazimisha mtu anywe polepole. Ile iliyolainishwa huteremka tu.

Na ule uvumi wa moyo?

Habari kwamba divai nyekundu hulinda moyo zilienea sana mwaka 1991, baada ya televisheni ya Marekani kueleza jinsi Wafaransa wanavyokula mafuta mengi lakini hawaugui sana moyo. Tangu wakati huo uchunguzi umeonyesha kasoro za hoja hiyo. Katika tafiti nyingi, kundi la wasiokunywa lilichanganywa na watu walioacha pombe kwa sababu walikuwa tayari wagonjwa. Aidha, wanywaji wa divai katika nchi hizo mara nyingi walikuwa na kipato bora na walikula vizuri zaidi.

Wengi husifu kemikali iitwayo resiveratroli. Hiyo hutoka kwenye maganda ya zabibu, si kwenye mwaloni, na lita nzima ya divai huwa na miligramu chache tu. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliofuatilia wazee 783 wa eneo la Chianti, Italia, ambako divai ni kinywaji cha kila siku. Wale waliokuwa na kemikali hiyo kwa wingi mwilini hawakuishi zaidi ya wenzao, wala hawakuepuka magonjwa ya moyo au saratani.

Nayasema haya kwa sababu huwaona wagonjwa wa shinikizo la damu ambao wameacha vidonge, wakategemea glasi mbili za divai kila usiku. Pombe ikinywewa mara kwa mara hupandisha shinikizo la damu. Mgonjwa huyo ameacha kinachomsaidia na kushika kinachomdhuru, na huenda asihisi lolote mpaka siku apatwe na kiharusi.

Tangu mwaka 1988 vinywaji vya pombe, divai ikiwemo, vimeorodheshwa kimataifa miongoni mwa visababishi vya saratani. Miongoni mwa saratani hizo ni za mdomo, koo, umio, ini, utumbo mpana na matiti. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe ambacho ni salama kabisa kwa afya.

Mambo ya kuzingatia

Ikiwa hunywi pombe, usianze kwa ajili ya moyo. Kutembea kwa miguu, kupunguza chumvi na kuacha sigara kutakufaa zaidi.

Ikiwa wanywa, soma asilimia ya kileo kwenye chupa na upime kwa glasi, usipime kwa ulaini wa ladha. Kunywa baada ya kula, na ukishakunywa usishike usukani.

Wenye pumu wawe waangalifu. Divai huwekwa salfaiti ili isiharibike, na mapipa matupu pia huchomewa salfa, na baadhi ya wagonjwa wa pumu hubanwa na kifua kwa sababu ya salfaiti.

Mama mjamzito asinywe kabisa. Vilevile jihadhari ikiwa unatumia dawa za usingizi, insulini, wafarini au metronidazoli.

Ukienda kumwona daktari, mweleze ukweli kuhusu kiasi unachokunywa. Wengi husema hawanywi pombe, kumbe wana maana hawanywi bia. Divai ni pombe, hata ikiwa imelala kwenye pipa la mwaloni miaka mitano, na daktari asipoijua huenda akakupa dawa isiyokufaa.