Mafuta Yaliyovikwa Ganda

Katika maduka mengi ya mitaani, ya Miembeni mjini Bukoba yakiwemo, chupa angavu za mafuta ya alizeti hupangwa palipo na mwanga ili mnunuzi aione rangi yake. Ni mapambo yenye hasara. Mafuta yakipatwa na mwanga, joto na hewa, oksijeni huyashambulia. Huchacha, na vitamini A iliyomo huweza kupungua kabla pua haijang'amua lolote. Kanuni za urutubishaji wa vyakula za mwaka 2011 ziliwataka wenye viwanda nchini Tanzania waongeze vitamini hiyo katika mafuta ya kula, kwa kuwa upungufu wake humletea mtoto upofu wa usiku na kudhoofisha kinga yake. Basi lebo yaweza kusema kweli siku mafuta yanapotoka kiwandani, isiseme kweli siku yanapomiminwa kikaangoni.

Wataalamu wa vyakula wamebuni njia ya kuyavika mafuta ganda. Mafuta huchanganywa na maji yenye protini ya maziwa au gundi ya migunga, yakapigwa hadi yawe matone madogo mno. Mchanganyiko huo hunyunyizwa ndani ya chumba chenye hewa moto. Maji hukauka upesi, na matone ya mafuta hubaki yamefungiwa ndani ya chembe kavu. Kinachopatikana ni unga, ambao huweza kutiwa katika maziwa ya kopo ya watoto, mkate au unga wa uji. Ukikutana na maji, ganda la aina hii huyeyuka na mafuta hutoka.

Hata hivyo ganda halizuii hewa yote, na mafuta kidogo husalia juu ya chembe. Kwa hiyo huongezwa antioksidanti, yaani kiambata kinachotangulia kushambuliwa badala ya mafuta. Vitamini E, ambayo alizeti inayo kwa asili, ni mojawapo. Nyingine hutolewa katika majani ya rosemari na chai ya kijani. Kahawa mbichi nayo ina asidi za klorojeni, na robusta, zao kuu la Kagera, huwa nazo nyingi kuliko arabika. Asije mtu akatumbukiza katika chupa ya mafuta zile punje tunazowapa wageni watafune! Kiwandani hutumika dondoo lililopimwa, kwani baadhi ya antioksidanti zikizidi huchochea uharibifu uleule.

Wala ganda haliyafufui mafuta yaliyokwisha kuchacha. Mhudumu anayetoa ushauri wa lishe kliniki na amuulize mama chupa yake hukaa wapi. Anayenunua mafuta ya kupima achukue ya siku chache, ayafunike vyema katika chombo kisichopitisha mwanga, mbali na jiko, na asiyachanganye na yaliyokwisha kukaangiwa. Mgonjwa mwenye mzio wa maziwa naye asome lebo ya chakula chenye unga wa mafuta, kwa maana huenda ganda lake limetengenezwa kwa protini ya maziwa.