Fahamu: Vyombo vya wafu, kutoka Mto Nile hadi jirani na Simiyu

Takriban mwaka 2000 KK, juu ya makaburi ya Wamisri wasio na mali viliwekwa visinia vya udongo uliochomwa, vingine vyenye umbo la kijumba na vyakula vya kufinyangwa, ambavyo wataalamu huviita nyumba za roho, kwa kuwa vilikusudiwa kumpatia marehemu riziki ya kudumu. Msomaji wa Bariadi hana haja ya kwenda mbali hivyo, kwani mashariki ya Meatu, katika kreta ya Ngorongoro, yapo makaburi ya malundo ya mawe ambamo wafugaji wa Neolithiki, yaani walioishi kabla ya zana za chuma, walizikwa na bakuli zilizochongwa kwa jiwe.

Ushahidi mpana zaidi umetoka katika Pango la Mto Njoro nchini Kenya, lililochimbwa na Louis na Mary Leakey mwaka 1938, ambako maiti zilizochomwa miaka 3,000 hivi iliyopita ziliambatana na bakuli, jiwe la kusagia na mchi, huku vyungu vya udongo vikiwa vichache. Wamisri waliandika walichokiamini. Wafugaji hawa hawakuandika, hivyo kuwavika imani ya Misri ni pupa tu.