Mama Kimya, Mtoto Msemaji

Katikati ya miaka ya 1970, mwanaanthropolojia Mmarekani Robert LeVine alirudi kwenye vilima vya Kisii, nchini Kenya, alikowahi kuishi miaka ya 1950. Safari hii, pamoja na mkewe Sarah na wenzao, alifuatilia jinsi akina mama wa Kigusii wanavyolea watoto wachanga. Mama alimnyonyesha mwanawe kila alipotaka, akalala naye, na mtoto akianza tu kulia alikwisha kupakatwa. Ila kuongea naye ilikuwa nadra. Walipoombwa wawasemeshe watoto, baadhi ya akina mama waliona ni upuuzi: utaongeaje na asiyejua kusema? Mtoto akimtazama mama na kuanza kuchangamka, mama aligeuza macho pembeni.

Tusikimbilie kusema hawakuwapenda. Watoto wengi walikuwa wakifa wachanga, kwa hiyo jambo la kwanza lilikuwa ashibe, apate joto, atulie. Tena mama alikuwa na shamba la kulima. Mtoto mtulivu ndiye aliyeweza kukabidhiwa omoreri, mlezi ambaye mwenyewe bado ni mtoto, mara nyingi dada yake. Hapo ndipo maneno yalipokuwa: uani, kwenye michezo, matani na ugomvi wa watoto wenzake, yeye akiwa mgongoni anasikiliza.

Mama naye alianza kumsemesha alipoweza kutumwa. Lete kibuyu. Mfukuze huyo kuku. Mtoto wa miaka miwili na nusu hakungojewa jibu. Alingojewa aende, na akirudi na kitu kingine alirudishwa. Kwangu mimi huo ni mtihani wa lugha mkali kuliko picha za wanyama kitabuni. Sifa zilikuwa haba, maana mtoto anayesifiwa sana huhofiwa kuota kiburi.

Na watoto hao walisema, tena Ekegusii yenye ngeli zake zote na toni zake. Si Kisii peke yake. Huko Chiapas, Mexico, Marisa Casillas na wenzake waliwarekodi watoto kumi wa jamii ya Tseltal wakakuta wanasemeshwa moja kwa moja kwa takriban dakika 3.6 tu kwa saa. Hata hivyo hatua zao za kuanza kusema hazikupishana sana na za watoto wa Magharibi. Ni kweli kwamba uchunguzi wa Hart na Risley, uliochapishwa Marekani mwaka 1995, ulionyesha kwamba anayesemeshwa zaidi hujua maneno mengi zaidi. Lakini wao walihesabu maneno ya familia 42 za Kansas, ndani ya nyumba zao. Ua lililojaa watoto halikuwamo katika hesabu hiyo.

Ua hilo sasa limepungua watu. Kenya ilifuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, na omoreri, ambaye tayari wengi walikuwa wakimpeleka darasani, akazidi kwenda. Aliyebaki mchana ni bibi, yaya au televisheni. Kabla ya hapo akina LeVine walikuwa wamekuta, huko Mexico, kwamba mama aliyesoma miaka mingi zaidi humsemesha mtoto mchanga zaidi, kana kwamba amebeba mwalimu wake wa zamani hadi nyumbani. Shule iliyomchukua omoreri ndiyo hiyohiyo inayomfanya mama wa leo amuulize mtoto wa mwaka mmoja, "Pua iko wapi?", ilhali jibu analijua.